Uzi wa Lubaba

Enyi waumini wenzangu, mlioziweka kando shughuli zenu mkaja kuketi kwenye mkeka huu, Mola aitie nuru mioyo yenu na awahifadhi watoto wenu. Nitegeeni masikio, na anisamehe Mola Karima nikikosea neno.

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasit, kando ya mto Dijla, aliishi tabibu mchamungu aitwaye Yunus bin Makhlad. Baba yake, Sheikh Makhlad, alikuwa tabibu kabla yake, na uzee ulipomnyang'anya nuru ya macho alimrithisha mwanawe dawa moja: maji ya shubiri, machungu mno, yaliyomharisha mtoto mwenye homa kwa siku tatu ili, kama walivyoitakidi, joto limtoke mwilini. Na ilikuwa ada ya mji ule kwamba mtoto akipona, mama yake huchomoa uzi katika vazi la mtoto akaufunga kwenye mlango wa tabibu. Nyuzi zilikuwa nyingi hata mbao hazikuonekana. Mgeni akiuliza kama dawa inafaa, watu humwonyesha mlango.

Siku moja akaja mjane jina lake Rayhana, amembeba mwanawe Hamdan, mwili unawaka homa. Mwaka uliotangulia alimleta binti yake, Lubaba, akanyweshwa shubiri, akafariki siku ya tatu. Yunus alipoinua kikombe, Rayhana aliufunika mdomo wa mwanawe kwa kiganja.

"Ewe tabibu, mlango wako una nyuzi ngapi?"

"Hazina idadi, mama."

"Na uzi wa Lubaba wangu uko wapi?"

Yunus akaugeukia mlango.

"Wanaozikwa hawafungiwi uzi," akasema Rayhana. "Niambie kwa haki ya Aliyekuumba: hao waliopona, waliponywa na shubiri, au wangalipona hata kwa uji na dua za mama zao? Na Lubaba, alichukuliwa na homa, au na kikombe?"

Kusema "dawa ni njema" kulikuwa kwepesi. Mji mzima ungalimsadiki. Yunus akakiweka kikombe chini.

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Na naona haya kwamba sikuwahi kujiuliza."

Homa ilikuwa imeenea msimu ule. Yunus akawakusanya wazazi, akawafunulia shaka yake, akawaomba idhini. Watoto wa waliokubali walipewa wote uji mwepesi wa shayiri, maji, na kitambaa baridi cha paji la uso. Lakini shubiri ilitolewa kwa kura. Mzazi alitia mkono katika mfuko: kijiwe cheupe, mtoto hunyweshwa, cheusi, hanyweshwi.

"Mbona huchagui mwenyewe?" wakamuuliza.

"Kwa sababu nampenda baba yangu. Nikichagua, nitawapa dawa yake watoto wenye nguvu, niwanyime walio taabani, kisha niseme dawa imeponya."

Sokoni wakamcheka. "Tabibu wetu kawa mpiga ramli!" akasema mfinyanzi. "Subirini," akadakia muuza nyama, "kesho atakuja kuazima mizani yangu apimie homa!" Yunus alipita akiwatolea salamu, na kila jioni aliandika majina, ya walio hai na ya waliofariki.

Rayhana alitoa kijiwe cheusi. Siku saba alimkanda mwanawe kwa maji. Siku ya nane Hamdan akaomba mkate.

"Alhamdulillahi!" akasema Yunus. "Sasa umelijua jibu."

"Namshukuru Mola wangu," akajibu Rayhana huku anafuta machozi, "lakini usimfanye mwanangu ushahidi peke yake. Mlango ulitudanganya kwa kutuonyesha waliopona tu. Ngoja watoto wote."

Akangoja. Msimu ulipokwisha, katika watoto arobaini walionyweshwa shubiri walifariki kumi na wanne. Katika arobaini wasionyweshwa, watano. Yunus akazisoma karatasi mara tatu, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, dawa yetu haiwafai watoto. Inawadhuru."

Mzee akamgeuzia uso.

"Umewahesabu na waliokufa?"

"Naam, baba."

"Mimi niliwalilia," akasema mzee, "lakini sikuwahesabu." Akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mwanawe. "Nilimwomba Allah mtoto atakayelihifadhi jina langu. Amenipa aliye bora zaidi, atakayewahifadhi watoto wa watu dhidi ya kosa langu. Nishike mkono, mwanangu, unipeleke mlangoni."

Pale, mbele ya watu, Sheikh Makhlad aliumwaga mtungi wa shubiri, akamwomba Rayhana msamaha. Rayhana alimsogelea. Alitoa uzi mmoja wa kanzu ya Lubaba, akauweka kwenye kiganja cha mzee. Na kipofu yule akatafuta nafasi katikati ya nyuzi za walio hai, akaufunga. Tangu siku ile mama wa waliofariki nao walifunga nyuzi zao, na mlango ukawa unasema kweli yote.

Ndugu zangu, shifaa ya maradhi ni ya Allah peke yake. Lakini kujua kikombe kipi kinasaidia na kipi kinadhuru ni amana tuliyoachiwa sisi, nayo haitimizwi kwa mapenzi wala kwa sifa za watu, ila kwa kuwakumbuka wote, hata wale wasioweza kurudi kutuambia.

Kisa hiki nilikipokea kwanza kwa mkunga wa Siyu, Bi Mwanashee binti Bakari Famau, Mola amrehemu.