Koti la Kiboko Kwenye Meza ya Pool

— Jamani, mpo?
— Tupo, kwa rehema za Mungu!
— Na masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, na yana njaa!
— Niyalishe haraka?
— Polepole, yasije yakapaliwa!

Haya. Tulieni basi, nami nitasema polepole.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wanakaa mji mmoja na kula sufuria moja, palikuwa na meza ya pool. Ilikaa ndani ya kibanda cha mabati kando ya bwawa, kitambaa chake cha kijani kimetiwa viraka pembeni. Kila mwaka baada ya mavuno wanyama walishindana, na bingwa alipewa haki moja tu. Kila Ijumaa, sufuria ya mji ikiiva, bingwa hupakuliwa wa kwanza, na hupakuliwa mpaka aseme kwa kinywa chake, "Nimetosheka."

Bingwa alikuwa Kiboko. Mwaka huu Kiboko, mwaka ule Kiboko. Na Kiboko hakuwahi kusema "Nimetosheka" kabla mwiko haujakwaruza chini ya sufuria, kwaru, kwaru. Hapo ndipo wengine walipopanga foleni wakagawana ukoko. Hata kwenye matanga ya Bwana Kindi, Mungu amrehemu, Kiboko alipakuliwa wa kwanza. Mjane na watoto wa marehemu walikula ukoko, wakamshukuru Mungu, wakalala.

Tusimnyime Kiboko haki yake: alijua kucheza. Alicheza vile Muumba alivyomuumba, bila uzi mwilini. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na akiinama lilifika mezani kabla yake. Lakini ngozi ya tumbo lile ilikuwa na akili. Ikikaribia mpira, ilihisi ubaridi wake, nalo tumbo likajikunja lenyewe, fyuu, likarudi ndani. Na lisingejikunja, angeumia, maana kanuni ya mchezo ilikuwa hii: ukigusa mpira kwa kitu chochote zaidi ya ncha ya fimbo, ni faulo, na mwenzako anauweka mpira mweupe popote apendapo. Kiboko hakujua kwamba ngozi ndiyo inamwokoa. Yeye alidhani ni ubingwa.

Basi. Msiba ulipopoa, Mama Kindi akaichukua fimbo ya marehemu mumewe. Kila alasiri, watoto wakiwa wanacheza nje, alipanda juu ya kigoda, akafumba jicho moja, akapiga. Ko! Kolololo... tumbu! Mpira shimoni. Ko! Kolololo... tumbu! Mwingine shimoni.

Siku ya kwanza walimtazama wawili watatu. Baadaye kibanda kikajaa. Kiboko alikuwa ndani ya bwawa, macho na pua tu juu ya maji, akasikia makofi. Pa-pa-pa-pa! Akageuka kutazama, maana makofi katika mji ule yalikuwa ya kwake. Akaona wanyama wote wamempa mgongo.

"Wanampigia nani?" aliuliza.

"Mama Kindi," alijibu Chura aliyekuwa jirani. "Anapiga vizuri, masha-Allah. Laini kabisa."

Laini! Neno lile lilimwingia Kiboko kama mchanga ndani ya jicho. Miaka yote walisema Kiboko ana nguvu, Kiboko ni hatari, Kiboko anavunja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema laini. Akazama chini ya maji ili asisikie, na huko chini akayasikia makofi vilevile. Akaenda kula, chakula kikawa hakina chumvi. Akalala, akaona kwa macho ya ndani kile kimkono kidogo kikirudi nyuma, kikienda mbele. Ko! Kolololo... tumbu!

"Kidudu kile," alisema peke yake. "Kidudu kisicho hata na shati."

Na hapo hapo akapata la kufanya.

Kulipokaribia mashindano, wanyama waliitwa kwenye kikao. Mwamuzi alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu inayoona pande zote za meza bila kuhama. Kiboko alisimama, akakohoa, maji yakamtoka puani.

"Mheshimiwa mwamuzi, na ndugu zangu. Mchezo huu ni wa heshima, lakini wachezaji wetu wanakuja uchi. Wageni wakija watatuonaje? Nasema mwaka huu kila mchezaji avae shati lenye kola. Asiyevaa, asicheze."

Kikao kikavuma. Nungunungu akasema shati lake litatoboka. Pundamilia akasema yeye amezaliwa amevaa. Korongo akainua mguu mmoja, kama afanyavyo akifikiri.

"Tangu zamani," alisema Korongo, "sisi tunatazama mkono unaopiga. Mgongo umevaa nini, haijawahi kutuhusu. Shati litamsaidia nani kuingiza mpira?"

"Litasaidia heshima!" alifoka Kiboko. Lakini jicho lake lilikuwa limeelekea pale kwenye kigoda. Alijua mjane hana kitambaa nyumbani kwake. Kaniki yake moja ya msiba ndiyo aliyowafunikia watoto.

Mama Kindi akainua mkono. Kiboko akajiandaa kumsikia analia.

"Shemeji amesema kweli," alisema Mama Kindi.

Kiboko akapepesa macho.

"Amesema kweli tupu. Ila shemeji ni mpole, amesema nusu. Shati bila tai ya shingoni? Mtu ataonekana ametoka kulala."

"Na tai!" alisema Kiboko upesi. "Tai ndefu!"

"Na tai bila koti, shemeji?"

"Na koti!"

"Mimi naogopa koti," alisema Mama Kindi, akiinamisha kichwa. "Koti linataka mwili. Mwili kama wako ndio unaopendeza ndani ya koti. Mimi nitavaa, nionekane nini? Tena mtu akivaa koti halafu joto likamzidi akalivua katikati ya mchezo, si aibu kubwa?"

Kiboko alikaribia kucheka. Mwanamke huyu anajichimbia shimo mwenyewe, na koleo ameshika mwenyewe! "Atakayevua hata kifungo kimoja," alinguruma, "atolewe mashindanoni hapo hapo, awe nani, awe nani!"

"Mnakubali?" aliuliza Korongo.

Wanyama walimwogopa Kiboko. Wakakubali. Na wengi wao, kwa kukosa koti, wakajitoa mashindanoni siku ile ile. Kiboko akarudi bwawani, akala kwa raha, akangoja kusikia kwamba na Mama Kindi amejitoa.

Hakusikia.

Akaenda kwa Mnana, ndege mshonaji, ili apimwe koti lake. Kufika mlangoni, akaona kikoti. Kidogo, kimebana, kimekatwa juu ya kiuno, kimetundikwa mbele kabisa pale ambapo kila anayeingia lazima akione. Kilikuwa kimepambwa kwa vifungo vya mbegu nyekundu, vimeng'arishwa.

"Cha nani hiki?" aliuliza Kiboko, na sauti haikutoka vizuri.

"Cha shemeji yako," alisema Mnana, huku uzi uko mdomoni. "Kitambaa hakununua. Amenisaidia kubeba magunia ya pamba, nami nikamkatia kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Amesema kikae hapo mbele, kipate upepo."

Kiboko alikitazama kikoti kile. Alikitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani iliyoezekwa upya. Akaona mshono wake, akaona kola ilivyokaa. Akawaona, kwa macho ya ndani, wanyama wote wakigeuka na kumpa mgongo tena.

"Langu liwe kubwa kuliko hicho," alisema.

"Litakuwa kubwa tu, Bwana mkubwa. Wewe ni Kiboko."

"Liwe refu. Lifike magotini!"

"Magotini, Bwana mkubwa? Utainama?"

"Lifike magotini! Na mikono iwe mipana. Na tai iwe ndefu kuliko ya mtu yeyote. Na kitambaa kiwe kizito, cha baridi, watu waone kwamba ni kitambaa!"

Mnana alitazama tumbo, akatazama kitambaa, akachukua mkasi. Mteja ni mteja. Akashona.

Siku ya mashindano, siku ya Ijumaa, ilifika, na jua likawaka kwa kadiri ya Mungu. Sufuria ilikuwa jikoni, harufu ya maharage na viazi inazunguka kibanda, watoto wa Mama Kindi wamekaa nje wakiinusa. Wachezaji wenye makoti walikuwa wachache, nao waliondolewa mmoja baada ya mwingine. Mwishowe wakabaki Kiboko na Mama Kindi.

Kiboko aliingia. Koti lilifagia sakafu ya kibanda, fagi, fagi. Wanyama wakasema, "Loh!" Akafurahi. Kisha akaingia Mama Kindi katika kikoti chake, vifungo vinameta, na wanyama wakasema, "Loooh!" Kiboko akasikia kwamba "Loh" ya pili ilikuwa ndefu kuliko yake. Moyo ukamchoma kabla hajashika fimbo.

Akaanza yeye. Ko! Kolololo... tumbu! Ko! Kolololo... tumbu! Mpira baada ya mpira, wanyama wakapiga makofi kidogo. Akazunguka meza, akainama, tumbo likatangulia. Ngozi ikangoja kuhisi ubaridi wa mpira. Lakini kati ya ngozi na mpira palikuwa na shati, na juu ya shati koti zito la baridi. Ngozi haikuhisi kitu. Tumbo halikujikunja.

"Faulo!" alisema Korongo.

"Faulo ya nani?"

"Yako. Koti limegusa mpira."

"Mimi sikuhisi kitu!"

"Mimi nimeona," alisema Korongo, na shingo yake ilikuwa juu ya meza kama mti wa bendera.

Mama Kindi akauchukua mpira mweupe, akauweka anapopenda. Ko! Kolololo... tumbu! Laini. Kikoti chake kilikuwa kimebana, hakikugusa hata vumbi. Ko! Kolololo... tumbu! Kisha akakosa, mpira ukasimama mdomoni mwa shimo, na zamu ikarudi.

Kiboko alikuwa anatiririka jasho. Akainama. Mkono wa koti ukafagia mpira.

"Faulo!"

"Hili koti lina jini!" alipiga kelele Kiboko. "Nalivua!"

Mama Kindi akasema kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, "Shemeji, usifanye hivyo. Kuna mtu alisema atakayevua hata kifungo atolewe. Sikumbuki ni nani, lakini alisema kwa nguvu sana."

Wanyama wakacheka mpaka mabati yakalia. Kiboko akabaki na mkono kwenye kifungo, akautazama mkono, akaushusha.

Mama Kindi akapiga akamaliza ya kwake, ukabaki mweusi. Akaukosa kwa unywele. Kiboko naye akaingiza ya kwake yote iliyosalia, polepole, akiinama kwa mbali kama mtu anayeogopa kuungua. Ukabaki mweusi huo huo. Anayeuingiza ndiye bingwa.

Mpira mweusi ulikaa karibu na shimo. Hata mtoto angeuingiza. Ila mpira mweupe ulikuwa katikati ya meza, na kuufikia ilibidi ajinyooshe. Kiboko akavuta pumzi, akakusanya tumbo kwa mkono mmoja, akashikilia koti kwa meno. Akajinyoosha. Koti halikugusa. Mikono haikugusa. Akatabasamu, na kwa kutabasamu kinywa kikafunguka. Koti likaanguka. Tai ile ndefu kuliko zote nayo ikateleza, taratibu, ikalala juu ya mpira mweupe kama shuka.

"Faulo," alisema Korongo, bila kupaza sauti.

Mama Kindi akauweka mpira mweupe mahali pake. Akasema bismillahi. Ko! Kolololo...

— Wote semeni!
— Tumbu!

Ijumaa ile Mama Kindi alipakuliwa wa kwanza. Bakuli lake, mabakuli ya watoto. Akatazama, akasema, "Nimetosheka, alhamdulillahi." Mpishi hakuamini, akamwuliza tena. Sufuria ilikuwa bado imejaa. Foleni ikasogea, kila mnyama akapata maharage yenye mchuzi, na wengine walikuwa wamesahau mchuzi una rangi gani.

Kiboko alikuwa mwisho wa foleni, ndani ya koti, maana Korongo alisema mashindano hayajaisha mpaka watu wamemaliza kula. Alipompita Mama Kindi, akauliza kwa uchungu, "Ulijuaje habari za tumbo langu?"

"Shemeji," alisema Mama Kindi, "mimi nimekaa nyuma ya foleni hii tangu niolewe. Ukikaa nyuma huna cha kutazama, ila tumbo la aliye mbele."

Kiboko akapewa bakuli lake, limejaa kama la wengine. Akala, likaisha, tumbo likaomba tena. Akamtazama Mama Kindi amekaa na wanawe, bakuli lake dogo liko tupu pembeni, amefumba macho kidogo kwa kushiba. Na Kiboko, kwa jinsi alivyokuwa, akamwonea wivu hata ile shibe.

Hapo ndipo maneno yalipofika, nami nayaacha yapumzike. Aliyeyapenda ayachukue, aliyechoka ameshalala.

Na funzo, wanangu, msije mkasema hamkupewa. Mchezo wa pool bila kanuni ya mavazi ni fujo tupu, na mashindano yote yawe na shati, tai na koti. Tena yule mwenye tumbo kubwa na kijicho kikubwa, muwahini mapema. Mpeni koti zito kuliko wote, mfungieni vifungo vyote mpaka shingoni, halafu mwambieni amependeza.