Mashimo Mia Mbili ya Tusekile

Huko Rungwe paliishi mjane mmoja, Tusekile, mwenye ekari moja tu na maneno matamu kuliko ndizi mbivu. Jirani yake, Mzee Mwakalobo, alikuwa na ekari tano na bado hakushiba. Aliposikia serikali inagawa bure miche ya parachichi kwa waliochimba mashimo, kwenye mkutano wa kijiji kuhusu miche hiyo hakwenda. Mikutano aliiona ya wenye njaa. Alimwendea Tusekile.

"Ekari hii ni yangu. Mpaka wangu unaishia mtoni."

"Kumbe! Basi ichukue, Mzee. Ila wahi kuchimba, bwana shamba anakuja Ijumaa. Na samadi usisahau."

Mwakalobo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Vibarua wake wakachimba mashimo mia mbili na kuyajaza samadi ya ng'ombe wake. Tusekile aliwachemshia hata chai.

Ijumaa bwana shamba akafika na lori la miche, kijiji kizima nyuma yake.

"Mashimo safi! Shamba la nani?"

"Langu!"

"La Mzee kabisa," Tusekile akadakia. "Andika: ana tano kule juu, na hii ya sita."

Bwana shamba akafunga daftari. "Tulisema mkutanoni: mwenye zaidi ya ekari tano hapati hata mche mmoja."

Mwakalobo akalitazama lori, akameza mate.

"Nani kasema ni langu?" akafoka. "Hili ni la Tusekile, tangu enzi za marehemu mumewe! Mimi nina tano tu, nipe miche yangu!"

"Andika hivyo hivyo," alisema Tusekile, akishusha mche wa kwanza. "Na Mzee atie sahihi."