Mgeni wa Bi Somoe

Masika ya tatu paa la nyumba ya halmashauri aliyopangishwa Bi Somoe lilikuwa likivuja, na kila alipokwenda kulalamika, Bwana Kihwelo, afisa nyumba, alimjibu vilevile: subiri bajeti.

Safari hii Bi Somoe alikwenda akitabasamu. "Mwanangu, leo nataka ushauri tu. Mkuu wa wilaya nimkalishe wapi, sebuleni au chumbani? Maana kote kunavuja."

Kalamu ilimdondoka Kihwelo. Kesho yake mafundi sita walifika na mabati mapya, rangi, hata mapazia.

Siku ya tatu Kihwelo alikuja amevaa suti, jasho linamtiririka. "Mama, mgeni yuko wapi?"

"Sijamwalika bado," alisema Bi Somoe, akimmiminia chai. "Ningemwalikaje kwenye nyumba inayovuja?"