Meno Mapya ya Mzee Ngwali

Alikuwapo Tanga mzee mmoja, Ngwali, mwenye majumba nusu ya mtaa na kinywa kisicho na jino hata moja. Kuitwa kibogoyo alivumilia; kuamkiwa shikamoo ndiko kulikomchoma. Siku moja akaingia kwa Riziki, fundi wa meno ya bandia, mpangaji wake.

"Nirudishie ujana," akaamuru. "Nikiamkiwa shikamoo hata mara moja kutoka hapa hadi sokoni, unahama leo."

"Na usipoamkiwa?"

"Chumba kitakuwa chako!"

Riziki akampachika meno meupe pe, akamsogezea kioo. Mzee akakenua kwa furaha.

"Bado hayajakaza," Riziki akasema, akamnong'oneza sharti.

Mzee alirudi kutoka sokoni anameremeta. "Hakuna aliyeniamkia! Hata visichana vinavyouza mchicha vimeniitikia marahaba!"

"Si nilikwambia? Neno lenye 'shi' ndilo hukaza meno, mradi uwahi wewe kulitamka kabla hawajafungua kinywa."

"Chumba chako," mzee akasema, akampa mkono. Mlangoni akageuka, meno yasije yakalegea.

"Shikamoo, Riziki."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"