Kibuyu Kwenye Kizingiti

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa maji. Jina lake Kiondo, na kijiji chake kiliegemea mlima. Juu kabisa palikuwa na bwawa, na kutoka bwawani ulishuka mfereji mmoja wa udongo, shamba hadi shamba, mpaka nyumba za mwisho kule chini, mahali palipoitwa Mkiani. Kufungua na kufunga bwawa ilikuwa kazi ya mshika maji, na mshika maji alichaguliwa na watu wote mkutanoni. Siku aliyochaguliwa, Kiondo aliapa mbele ya kadamnasi kwamba yeye ataanza na Mkiani, kwa kuwa maji yakifika kwa wa mwisho, wote wamekunywa. Wanawake walipiga vigelegele. Maneno mazuri yale, jamani, na siku ile aliyasema kwa moyo wake wote.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Ukiamka ukakuta mfereji wako mkavu, hukwenda kupiga kelele kwa mtu. Ulichukua kibuyu chako kitupu ukakilaza kwenye kizingiti cha mshika maji, ukarudi zako. Kila nyumba ilikuwa na chapa yake, imechomwa kwa chuma cha moto, hivyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni cha nani. Naye mshika maji hakuruhusiwa kutia kitu kinywani mpaka akipeleke kibuyu kile kwa mwenyewe, akaone kwa macho yake kilichokausha mfereji, na kibuyu kikajaa. Ukubwa ni jalala, wahenga hawakukosea.

Mwanzoni Kiondo alivifuata. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, na ukweli ni kwamba vibuyu vile ndivyo vilivyokuwa jamaa zake. Kibuyu kilimpeleka kwa mtu, mtu akamkaribisha uji, uji ukaleta habari za ng'ombe aliyezaa na binti aliyeposwa. Alirudi nyumbani miguu ina matope, tumbo limeshiba, na usingizi ukamchukua mara moja.

Halafu wakaja wageni wa serikali kulitazama bwawa. Wageni hawafiki Mkiani. Njia ni mbaya, na viatu vyao si vya njia ile. Wao hutazama bwawa. Kiondo aliona aibu kwa bwawa la udongo, akaamuru lijengewe ukuta wa mawe. Siku za kijiji kuzibua mfereji zikageuzwa kuwa siku za kubeba mawe. Ukuta ukapanda, ukapakwa chokaa, jina lake likaandikwa juu kwa rangi nyekundu. Wageni walisifu mno. Mfereji nao ukaanza kujaa tope kimyakimya, na hakuna aliyeusifu wala kuulaumu, maana haukuwa na jina la mtu.

Kosa lililofuata hakulifanya yeye. Lilifanywa na watu wenyewe, kwa mapenzi. Walisema mshika maji wetu ni mkubwa sasa, itakuwaje akae mahali ambapo kuku wa kila mtu wanapita? Wakachanga nguvu, wakamzungushia ua, wakamtilia geti la chuma. Loo! Watu wenye kiu wakamjengea geti mwenye maji, na siku ya kulifungua wakalichezea ngoma.

Kizingiti sasa kilikuwa ndani, watu wako nje. Waliokosa maji walilaza vibuyu vyao chini ya geti. Mbuzi walivipiga teke, na asubuhi geti lilipofunguliwa kwa kishindo lilivisukuma na kuvipasua. Kiondo alitoka akavikanyaga. Alisikia vikilia chini ya viatu, akasema watoto wa siku hizi, kazi yao kuvunja vyombo tu. Hakuinama kutazama chapa. Laiti angeinama mara moja.

Basi vibuyu vikakoma, na Kiondo akafurahi. Aliwaambia wageni kwamba kijiji chake kimeshiba, hakuna tena mlalamikaji. Lakini ngoja nikuambieni lililompata mtu huyu mwenye furaha. Alikaa kwenye meza yake, chakula kizuri kiko mbele yake, hakishuki. Hapakuwa na wa kumwuliza umeamkaje. Aliacha redio ikiongea ili nyumba isikike kama ina watu. Alikuwa mpweke, mpweke hasa, na aliona haya kulisema, kwa sababu aliamini upweke ni ada ya ukubwa. Kimya kile ndicho alichokiita shibe.

Ikafika siku ya kuadhimisha ukuta. Alichinja fahali, akaalika kijiji kizima. Watu wa juu walikuja, wakala wakitazama chini. Kutoka Mkiani hakuja hata mmoja. Kiondo aliwasubiri mpaka nyama ikaganda, kisha akaona uchungu uliomshinda, akatoka peke yake kuufuata mfereji, kwenda kuwauliza amewakosea nini.

Kadiri alivyoshuka, ndivyo maji yalivyopungua. Yalikuwa ya magotini, yakawa ya kisigino, yakawa tope, na tope likawa nyasi. Mkiani alikuta milango imefungwa kwa mbao. Migomba imekauka imesimama. Hata mbwa hakubweka. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, wa mama mmoja mzee aitwaye Nakijwa, aliyewahi kumpikia uji mara nyingi. Wenzake walikuwa wamehamia bondeni kutafuta maji ya watu wengine. Yeye alibaki kwa sababu kaburi la mumewe halihamishiki. Kiondo alimpa shikamoo, akaitikiwa. Akamwuliza, mbona hamkusema?

Nakijwa alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Tulisema, mwanangu, mpaka vibuyu vikatuishia. Wewe ulikuwa unavikanyaga ukitoka getini."

Kiondo akakaa chini, mavumbini, na nguo zake za sherehe. Alimwomba kibuyu kimoja tu, akamtekee maji mwenyewe. Hakikuwepo. Nyumba nzima haikuwa na kibuyu. Kilichokuwepo ni mbegu za mumunye, lile likaukalo likawa kibuyu, zimefungwa kwenye kitambaa juu ya dari. Mama yule akamwekea konzi moja mkononi, akaingia ndani.

Kiondo alirudi kwake, akang'oa geti kwa mikono yake. Akalilaza juu ya mfereji likawa daraja. Akashika jembe, akazibua tope kuanzia Mkiani kupanda juu. Wa juu walimwona, wakadhani ni maonyesho mengine, hawakumsaidia, nani angewalaumu? Alichimba peke yake hadi maji yakapita. Akapanda mbegu kando ya mfereji, mamumunye yakatambaa, yakazaa, yakakauka. Akayatoboa na kuyasafisha, akatundika kibuyu kimoja katika kila mlango wa Mkiani, hata ule uliofungwa kwa mbao. Kisha akarudi kwake, akaacha mlango wazi, akangoja.

Hakuna aliyekuja. Kila asubuhi alitazama kizingiti, akakikuta kitupu, naye akakunywa chai yake bila kuisikia ladha. Zamani utupu ule ulimfurahisha. Sasa ulimtisha.

Kisha asubuhi moja, kwenye kizingiti, kililala kibuyu kikavu. Chapa yake ilikuwa ya Nakijwa, mbichi bado, inanuka moshi. Mahali fulani kingo za mfereji zilikuwa zimebomoka, na mama mzee hakuwa na maji. Kiondo aliiacha chai mezani. Alikipakata kibuyu kile kwa mikono miwili akalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka, akatoka mbio na njaa yake kwenda kuyatafuta maji yalikopotelea.

Nawe uliyepewa ufunguo na watu: kizingiti chako kikiamka kitupu, umejuaje kwamba wameshiba, na si kwamba wameondoka?