Jina la Mtoto wa Pale Mizani

Siku ya arobaini ya mwanangu tulikuwa sebuleni kwetu, na waliokuwepo ni hawa: mume wangu Eliapenda; mama yake, ambaye hata mimi namwita Mama; Bibi Nakijwa, tunayepanga naye nyumba moja; Dada Sikitu anayeuza chai kando ya barabara; Nesi Namsifu wa zahanati; mimi; na mtoto mwenyewe, wa kike, aliyelala mapajani mwa Mama akinyonya ngumi. Tulikusanyika kumpa jina. Chakula kilikwisha kuliwa na jina halikupatikana. Nawasimulia ili mtusaidie.

Kwanza wajueni wanawake watatu kati ya hao. Nesi Namsifu amejaliwa kutoridhika. Jambo lisipokaa sawa, halali nalo. Bibi Nakijwa amejaliwa kutoa, tena hukupa kitu kwa namna ambayo utadhani wewe ndiye umempa yeye. Dada Sikitu amejaliwa mdomo.

Nyumba yetu iko karibu na mizani, pale malori yanapopimwa mzigo. Foleni huanza alfajiri, na mengine hulala hapohapo, injini zinanguruma. Chumba chetu kilikuwa cha mbele. Dirisha likiwa wazi moshi unaingia, likifungwa unaingia vilevile, ila joto linaongezeka. Tulizoea. Ni mpaka mgeni akohoe ndipo tunakumbuka kwamba kuna moshi.

Mimba yangu ilipokuwa kubwa nikaanza kuumwa kichwa, na miguu ikavimba. Zahanati wakanipima, wakakuta presha iko juu. Nesi akanipa vidonge na kunikataza chumvi nyingi. Akaniambia isiposhuka nitapelekwa hospitali kubwa, na huenda mtoto akatolewa kabla ya siku zake. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima.

Sasa, mtaani kwetu ukisema mwanamke mjamzito ana presha, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Watu wote wanamtazama mume. Mama aliteremka kutoka mlimani, akamkalisha mwanawe, akamuuliza kama anayeniudhi ni yeye mwenyewe au kuna mwanamke mwingine huko nje. Eliapenda akaapa kwa majina yote anayoyajua. Dada Sikitu akawa anamuuzia chai isiyo na sukari ili ajirekebishe. Maskini mume wangu akaacha kununa, akaacha hata kusikiliza mpira redioni, na kila jioni akaniletea ndizi mbivu. Presha ikabaki palepale.

Basi Nesi Namsifu, siku yake ya kupumzika, akaja kwetu kwa miguu, jua likiwa utosini. Hakumuulizia Eliapenda. Aliketi kitandani kwetu, akatazama huku na huku, kisha akapitisha kidole kwenye pazia. Kidole kikawa cheusi. Akauliza pazia lilifuliwa lini, nikamjibu juzi. Nikaona haya, maana nilidhani anakagua usafi wangu. Akanishika mkono.

"Si uchafu wako, mdogo wangu," akasema. "Huu ni moshi wa malori. Unachokiona kwenye pazia ndicho unachokivuta. Ukiingia kifuani unafika mpaka kwenye damu, mishipa inakaza, presha inapanda. Sisemi ni moshi peke yake, na vidonge usiache. Ila humu ndani usilale tena."

Eliapenda alikuwa amesimama mlangoni. Alishusha pumzi kama mtu aliyetolewa mahabusu.

Lakini kuambiwa usilale humu ni rahisi, na sisi pa kuhamia hatukuwa napo.

Bibi Nakijwa alikuwa na chumba cha nyuma, kinachotazama migomba. Hakutuita kikao. Kesho yake tulirudi kutoka bombani tukakuta godoro lake limekunjwa uani, na sufuria zake juu yake. Akatueleza kwamba amechoka na chumba cha nyuma, ule ukimya unamkosesha usingizi, na uzee huu anataka kukaa mbele aone watu wanaopita. Nikamuuliza habari ya kifua chake, kwa sababu namjua, hukohoa.

"Kifua changu kimezeeka, hakina mgeni," akanijibu. "Wewe una mgeni. Leta vitu vyako."

Nikahamia nyuma. Kichwa kikapungua, miguu ikaanza kunywea, na presha ikashuka. Ila haikushuka kufikia pale Nesi alipotaka, kwa sababu upepo ukigeuka moshi unazunguka nyumba na kutufuata kwenye migomba.

Kibanda cha Dada Sikitu kiko pale foleni inapoanzia, na karibu madereva wote hunywa chai kwake. Alipopata habari hizo hakuja kunipa pole. Asubuhi yake alitangaza kwamba lori likinguruma, chai haimiminwi. Dereva mmoja akalalamika kuwa gari lake likizimwa linasumbua kuwaka.

"Kaka yangu, hata mimi nikizimwa nasumbua kuwaka," Sikitu akamwambia. "Zima, unywe."

Wenzake wakacheka mpaka akazima. Lakini wengine walikasirika, wakahamia kwa muuza chai wa kule chini, na kwa siku kadhaa chapati za Sikitu zililala kwenye ndoo. Hakubadili neno lake. Alikaa kwenye benchi lake akiwasalimia kwa mbali, kila mmoja kwa jina. Mwishowe walirudi, nadhani ni kwa ajili ya zile chapati, na wakazoea kuwasha pale tu zamu inapofika.

Hewa ikawa nyepesi. Niliporudi zahanati Nesi alinipima, akaitazama mashine, akajipima yeye mwenyewe ahakikishe kwamba haijaharibika, kisha akanipima tena. Ilikuwa imeshuka kabisa. Nikajifungua palepale zahanati, siku zangu zikiwa zimetimia, na mtoto akalia kwa nguvu zake.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyemtendea mema, na mtu huyo huwa somo wake. Yeye ndiye humnyoa nywele za kwanza, na maisha yake yote mtoto akifika kwa somo wake amefika kwa mzazi. Somo ni mmoja tu.

Eliapenda alitaka tumpe majina yote matatu. Sikitu akamwambia kwamba mtoto huyu atazuiwa mizani, mzigo umezidi. Tukacheka.

Mama akasema aitwe Namsifu, maana bila kile kidole kwenye pazia tungekuwa bado tunamsumbua mwanawe bure. Nesi akajitetea kwamba ile ni kazi yake tu. Mama akamkumbusha kuwa ilikuwa siku yake ya kupumzika.

Eliapenda akamtaja Bibi Nakijwa. Huyu analala pale nilipokuwa nalala mimi, na moshi, ingawa umepungua, haujaisha; nikiwasha jiko asubuhi namsikia akikohoa. Bibi akakataa. Akasema mtoto akipewa jina lake kwa ajili ya chumba, watu watadhani alitukodishia.

Tukamgeukia Sikitu, tukingoja utani.

"Mimi nalitaka," akasema. "Sina mtoto, na jina langu sina wa kumwachia."

Bibi Nakijwa akanyoosha mikono, akamtwaa mtoto kutoka kwa Mama, akamweka mapajani mwa Sikitu. Sikitu akamtazama, akamfuta mate, akainua uso.

"Lakini msinipe kwa huruma," akasema. "Nipeni kama nimestahili."

Basi niambieni ninyi. Mmoja aliona, mmoja alitoa chumba, mmoja alinyamazisha malori. Angekosekana yeyote kati yao, pengine nisingekuwa na mtoto wa kupewa jina. Angekuwa wako, ungemwita nani?

Sisi mpaka leo tunamwita Mtoto. Ameshaota jino la kwanza.