Goti la Minza

Goti la heshima haliagizwi.

Mama Kwandu wa nyumba ya pili anadai kwamba maneno hayo yalitokana na msichana mmoja wa kiwanda cha samaki aliyemmwagia Mzungu chai kifuani, kisha akatoroka na vikombe vya watu. Ndivyo alivyowasimulia vijana waliokuwa wakichambua dagaa uani kwa Bibi Holo, naye alipokwisha kuondoka wakamgeukia bibi wakamuuliza kama ni kweli.

"Chai haikumwagika," alisema Bibi Holo bila kuacha kuchambua. "Mama Kwandu hadithi yake haiivi mpaka aitie chumvi. Huyo msichana namjua, na mama yake namjua. Sogezeni ungo huku niwaambie methali hii ilikoanzia."

Palikuwa na kampuni moja ya minofu ya samaki hapa Mwanza. Kila mwaka ilipokea vijana kutoka nchi za nje waliokuja kujifunza kazi za ofisini. Mwaka huo walikuja watatu. Wa nne alikuwa Minza, binti kutoka Magu, mwenyeji peke yake. Meza yake ilikuwa sawa na zao na kazi yake sawa na zao, ila wao wangemaliza na kurudi kwao, na yeye alikuwa anaitafuta ajira pale pale. Mama yake alikwisha watangazia majirani. Naye afisa utumishi, Mama Bernadeta, alikuwa amemwambia bila kumficha: Ijumaa anapeleka jina moja kwa mkurugenzi, na jina lenyewe ni lake, asipoliharibu mwenyewe.

Jumatano ya wiki hiyo ikaandaliwa semina ya kuwafundisha wageni namna ya kuishi na wenyeji kazini. "Kesho uje na kitenge, mwanangu, hiyo sketi iache," Mama Bernadeta alimwambia Minza siku iliyotangulia. Minza akadhani kuna sherehe. Akaazima kitenge kizuri cha mama yake, akakipiga pasi.

Alipoingia ukumbini akavuta kiti akae na wenzake. Mkufunzi, Bwana Kitundu, mtu wa suti na sauti nzuri, akamwonyesha ukuta.

"Simama pale, binti. Wewe hujaja kufundishwa. Wewe ndiye somo."

Watu wakacheka. Minza naye akacheka, maana mtafuta kazi hucheka na wanaocheka.

Akasimama ukutani akisikiliza watu wa kwao wakielezwa. Akasikia kwamba wakikuambia kesho wana maana ya wiki ijayo. Akasikia kwamba hawapendi kuulizwa maswali, na kwamba wanawake wa huku hawalijui neno hapana. Wale wenzake waliandika kila kitu, na kila wakiandika walimtupia jicho, kama mtu mnadani anayelinganisha ng'ombe na maneno ya dalali.

"Sasa tuje kwenye salamu," alisema Bwana Kitundu. Akaweka kiti katikati, akamwita Jesper, kijana wa Denmark ambaye meza yake ilitazamana na ya Minza. "Wewe ni mzee. Kaa hapa."

"Mimi si mzee," alisema Jesper kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Minza mkubwa. Ananizidi mwaka."

"Leo ni mzee. Haya binti, njoo umpigie goti, waone mnavyosalimia. Ushuke taratibu, kuna wanaopiga picha."

Minza hakusogea. Goti alilijua tangu hajajua kusuka nywele. Alimpigia babu yake, aliwapigia shangazi zake, na wazee wa njiani asiowajua hata majina. Lakini hakuwahi kulipiga likabaki chini peke yake. Mzee anakuitikia. Anakuuliza wewe ni wa nani, anakuuliza na mvua za kwenu, ndipo unainuka. Na rika hampigii goti rika mwenzake, hata angekalia kiti cha dhahabu.

"Bwana Kitundu, huyu ni rika langu," alisema. "Juzi tu tuligombania stepla."

"Ni mfano, binti."

"Mfano wa nini?"

"Wa heshima yenu."

"Nikishapiga ataniitikiaje? Ataniuliza mimi ni wa nani?"

"Hayo yote ya nini? Wanataka kuliona goti."

"Goti la namna hiyo kwetu halipo."

Mtu akakohoa. Mkufunzi akataka kuugeuza mzaha. "Basi piga hata nusu, kama unaokota sindano."

"Sijaangusha sindano."

Hapo Mama Bernadeta akainuka, akamwendea mpaka sikioni. Hakufoka. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mzito. "Minza, mwanangu. Keshokutwa ni Ijumaa. Usijiponze kwa jambo la kupepesa jicho."

Minza akamwona mama yake kijijini, amekaa na habari njema aliyokwisha igawa nyumba kwa nyumba. Kisha akamgeukia Mama Bernadeta.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," akaitikia Mama Bernadeta kabla hajafikiri.

"Hiyo nimekupa mwenyewe, na asubuhi nilikupa. Hukunituma. Goti la heshima haliagizwi, mama. Hapana."

Lile hapana lilifika mpaka viti vya nyuma, kwa watu waliokuwa wamekwisha kuandika kwamba halipo.

"Toka nje," alisema Mama Bernadeta.

Akatoka. Alijua kwamba akivuka ule mlango jina lake halitapelekwa, na kweli halikupelekwa. Hakukimbia wala hakuinamisha uso. Getini akamkuta Mzee Shija, mlinzi wa mchana, anaingia zamu. Minza akashuka, magoti yote mawili kwenye kokoto, na kitenge cha mama yake.

"Mwangaluka, guku," akamwamkia kwa Kisukuma, kama anavyomwamkia babu yake.

"Mwangaluka," mzee akaitikia, akaupokea mkono wake, akaanza kumuuliza yeye ni wa nani na wa upande gani wa Magu.

Dirisha la ukumbi lilitazama geti. Waliokuwa ndani wakajazana pale, na kile kiti cha katikati kikabaki kitupu. Wakata minofu waliokuwa wakitoka zamu nao wakaona, na ndio waliolibeba neno la Minza. Siku msimamizi wao alipowasimamisha mstari mmoja wamwamkie kabla ya kugusa visu, walimpa neno hilo hilo, wakaenda kunoa. Likapita sokoni, likafika mpaka kwetu. Goti la heshima haliagizwi.

Lakini siku ile, Minza akiwa bado chini, Mama Bernadeta alifungua kioo akatoa kichwa.

"Minza, ngoja, usiinuke. Bwana Kitundu anaomba urudie kidogo. Wageni hawakuona vizuri."

Mzee Shija ndiyo kwanza alikuwa anauliza habari za mvua.

"Zimenyesha, guku," alisema Minza. "Mtama umeota."